Kikohozi cha Gari la Abdirizak

Ngumbao Gona alikuwa fundi wa magari hapa Garsen. Kama ungemuuliza mwenyewe, angekwambia alikuwa fundi wa magari, redio, saa za mkono, mashine za kusaga, meno na ndoa. Gereji yake ilipakana na ua wa nyumba yangu ya kupanga, tukitenganishwa na ukuta wa makuti uliojaa matundu, na kwa miaka minne niliyoishi pale nilijua habari za injini kuliko mwalimu yeyote wa darasa la tano katika wilaya nzima. Sikujitakia elimu hiyo. Mimi nikisahihisha insha upande huu, yeye upande ule alikuwa akimhubiria dereva fulani juu ya dhambi zilizoua pistoni yake.

Baba yake alihama kutoka upande wa Malindi akaja Idsowe, kijiji cha jirani na Garsen, kutafuta shamba la mpunga, akapata shamba na mbu. Ngumbao alilima msimu mmoja, akaona jembe halina gia, akaenda Mombasa. Alikaa huko miaka mitatu katika gereji ya vichochoroni. Kwa maelezo yake alikuwa mkono wa kulia wa mwenye gereji. Kwa maelezo ya binamu yake, alikuwa akiosha vyuma kwa petroli. Alirudi na mfuko wa spana, ovaroli la buluu lenye jina la mtu mwingine kifuani, na mazoea ya kukohoa kidogo kabla ya kutoa hukumu.

Nisimdharau. Mkono alikuwa nao. Mvua za El Niño zilipokata barabara na vipuri vikaacha kufika kwa wiki nyingi, yeye ndiye aliyeyaweka malori hai kwa waya, kwa vipande vya tyubu na kwa sabuni ya mche, ambayo aliikandika kwenye tangi lililotoboka likaacha kuvuja. Shida ni kwamba kila lori lililopona lilimwongezea sauti. Kufikia mwaka wa 1999 hapakuwa na mtu Garsen aliyeweza kumaliza sentensi mbele yake.

Mteja wake mkubwa alikuwa Abdirizak, mfanyabiashara wa ng'ombe. Abdirizak alikuwa na gari dogo la Kijapani ambalo huko kwao, nadhani, lilitengenezwa kwa ajili ya kupeleka familia kumwona nyanya. Yeye alilipeleka Mombasa likatiwa turbo, ile pampu inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini ili injini ile mafuta zaidi na ikimbie zaidi. Alisema alilitaka hivyo kwa sababu ya majambazi, maana siku hizo magari ya kwenda Malindi yalisafiri kwa msafara wenye polisi, na mwenye gari la kasi anaweza kujiponya. Sisi tuliomwona akipita nalo mbele ya soko mara sita kwa siku tulikuwa na maoni yetu, kwa sababu majambazi hawakuwa sokoni.

Mwezi wa Februari klipu inayobana mpira wa hewa kati ya turbo na injini ilikatika. Garsen nzima haikuwa na klipu ya ukubwa ule, na Malindi walisema mpaka iagizwe. Ngumbao akaenda kwa Halkano, mfugaji wa Kiorma aliyekuwa amechinja siku hiyo, akaomba ukanda wa ngozi mbichi. Wafugaji wetu hufunga hivyo mpini wa shoka uliolegea: unazungushia ngozi ingali mbichi, unaliachia jua kazi, na ikikauka inabana kuliko waya. Ngumbao aliizungushia mpira mara saba, akaianika, halafu akaifunika kwa kipande cha gunia ili mafundi wengine wasiibe siri. Mafundi wengine walikuwa wawili, na mmoja alishonea watu viatu. Gari likakimbia vizuri, na kwa wiki mbili hatukusikia habari nyingine. Alituambia Wajapani wakipata habari watatuma watu waje kujifunza, na kwamba itabidi wapangiwe nyumba.

Mwishoni mwa Aprili, mvua zilipoanza, gari lilianza kukohoa.

Abdirizak alilieleza tatizo vizuri. Ukikanyaga mafuta asubuhi, gari linanguruma, kisha linakwama kama limeshikwa koo, linatoa moshi mweusi, petroli inanuka mpaka machozi, na nguvu hakuna. Ukivumilia kilomita kumi au kumi na tano, linapona lenyewe. Ukigeuza urudi kwa fundi, unafika na gari zima kabisa, kama mtoto aliyelia tangu alfajiri akanyamaza mlangoni pa zahanati.

"Fundi, gari iko na kikohozi," alisema Abdirizak siku ya kwanza.

Ngumbao aliinama juu ya injini akasikiliza. "Hii haina kikohozi."

"Asubuhi ilikuwa nayo. Mimi nilisikia."

"Asubuhi kila mtu hukohoa, Abdirizak."

Lakini alifungua plagi akazikuta nyeusi kwa masizi, na hapo, nitampa haki yake, alisoma sawasawa. Injini hula mchanganyiko wa hewa na mafuta. Masizi yale yalisema mafuta yanazidi hewa. Swali lilikuwa yanazidi kwa nini, na kwa nini siku moja yazidi na siku tatu yatulie. Akasafisha chujio la hewa. Siku mbili gari likawa zima, akatangaza sokoni kwamba lilikuwa chujio. Siku ya tatu likakohoa. Akabadilisha plagi. Siku nne za amani, akatangaza kwamba zilikuwa plagi. Likakohoa. Akalifungua lile kasha la umeme linaloamua kiasi cha mafuta, ambalo yeye aliliita ubongo, akalipuliza, akalivisha mfuko wa plastiki, akalirudisha kwa heshima kama anayevisha maiti sanda, na wiki nzima akawa daktari wa ubongo. Ugonjwa unaokuja na kuondoka una ubaya huo: kila dawa huonekana imeponya. Mwezi mmoja ulipopita alikuwa ameliponya gari lile mara tano, na lilikuwa gonjwa kuliko siku ya kwanza.

Kisha msafara ukamwacha Abdirizak njiani. Gari lilikohoa baada tu ya kuondoka, malori yakatangulia, polisi wakatangulia, na yeye akabaki katikati ya pori peke yake, akizungukwa na mafusho yake mwenyewe. Alirudi amepauka. Alisimama gerejini mbele ya watu, siku ya Jumatatu alasiri, akasema bila kupandisha sauti, "Fundi, kama umeshindwa, sema umeshindwa. Mimi nipeleke gari Mombasa."

Nilimwona Ngumbao kupitia tundu la makuti. Aliangalia injini, akaangalia watu, akakohoa kidogo. "Gari halina ugonjwa," alisema. "Gari linalishwa uchafu. Ni petroli."

Petroli ya Garsen ilikuwa ya Madina. Alikuwa mjane, Muorma, mwenye mapipa mawili ndani ya chumba cha mabati pale njia panda, na alikuwa ameuza mafuta pale miaka sita, akiyachuja kwa kitambaa cheupe alichokifua kila jioni. Binti yake Hamdi alikuwa darasani kwangu.

Fundi alitaka ushahidi wa macho. Akaniita kupitia ukutani, "Mwalimu Asenath, nipatie chupa ya kioo, safi." Nikachukua chupa ya sharubati, nikaisuuza upesi upesi, nikampelekea, na nikafuata umati mpaka njia panda kwa sababu mimi pia ni binadamu. Aliijaza petroli kutoka kwenye pipa la Madina, akaisimamisha juu ya boneti ya gari lililoegeshwa pale, akatuambia tusubiri, kwani maji ni mazito, huenda chini. Tukasubiri. Chini ya chupa likatulia tone moja la maji, dogo, kama punje ya mtama.

"Haya," alisema Ngumbao. "Macho mnayo."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye chupa yangu, na mikono yangu ilikuwa bado mibichi kwa maji ya kuisuuzia. Nilifungua mdomo. Nikaona watu wote wamekwisha kuamini, na Abdirizak anamnyooshea Madina kidole, nikajiambia labda tone lile si la kwangu. Neno labda limenisaidia kunyamaza mara nyingi maishani, na siku ile lilinisaidia tena. Madina alisema mara moja tu, "Mimi sikutia maji." Jioni Abdirizak alikwenda kwa chifu, na chifu akasema baraza la Jumamosi litaamua kama mwanamke huyo ataendelea kuuza mafuta njia panda au atafunga. Asipouza pale, hakuwa na pengine pa kuuza wala kitu kingine cha kuuza.

Shuleni hawakungoja Jumamosi. Kufikia Jumanne Hamdi alikuwa amepewa jina la Maji. Bishara, rafiki yake aliyekuwa akigawana naye hata kifutio, alihamia dawati la nyuma, na Hamdi akabaki peke yake kwenye dawati la watu watatu, akiandika hesabu zake kwa mwandiko ule ule mzuri. Niliwachapa wawili kwa kumwita jina. Wakaendelea kumwita kwa kunong'ona. Niliona aibu kushika fimbo kwa mkono ule ulioshika chupa, lakini niliishika.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Ilipoanuka, kabla sijaenda shule, nilimsikia Madina gerejini. Gari la Abdirizak lilikuwa limelala pale uani tangu Jumatatu.

"Fundi," alisema, "mafuta ya ile pipa lori ya mpunga imekunywa. Trekta ya kijiji ya Hewani imekunywa kwa lile pipa ingine. Pikipiki ya padri imekunywa. Hakuna ingine inakohoa."

"Hizo hazina turbo, Mama Hamdi. Turbo ina tumbo laini."

"Sawa. Lakini mimi nakaa njia panda, naona gari yote ikipita. Hii ya Abdirizak siku kavu inapita nzima. Siku ya mvua inatoa moshi."

"Si ndiyo hayo? Mvua, maji, mafuta. Umejihukumu mwenyewe."

"Pipa yangu inalala ndani ya nyumba, fundi. Gari ndiyo inalala nje."

Akaondoka. Nikangoja Ngumbao aseme neno la mwisho, maana hakuwahi kumwachia mtu neno la mwisho, hata aliyekwisha kuondoka. Badala yake nikasikia mlango wa gari ukifunguka na injini ikiwaka, na kwa mara ya kwanza gari lile lilikohoa mbele yake.

"Mwalimu," aliita kwa sauti ndogo ambayo sikuijua. "Njoo unikanyagie mafuta."

Nikakaa nyuma ya usukani na sketi yangu ya shule, nikakanyaga. Yeye alipitisha kiganja juu ya mpira wa hewa, polepole, kama anayempapasa mtoto mwenye homa. Mbwa wawili waliokuwa wakilizungukia gari hilo wiki nzima walisogea kuangalia. Kiganja kilisimama juu ya gunia. Alilivua. Gunia lilikuwa limelowa chapachapa, na chini yake ngozi ilikuwa imefura, nyeupe, laini, imelegea mpaka kidole kingepita. Nilipokanyaga, hewa ilifoka pale ikampepea ndevu.

Alinieleza bila mahubiri, na nikaelewa. Hewa hupimwa mwanzoni kabisa, inapoingia. Ubongo wa gari ukiisha kuipima hutuma petroli ya kutosha hewa hiyo. Lakini hewa ilikuwa ikitorokea njiani, kwenye fundo la ngozi, petroli ikafika peke yake. Injini ikipata moto, ngozi inakauka, inabana tena, na gari linapona. Siku za jua zilikuwa zikiiponya ngozi, na yeye akizidai kuwa kazi ya plagi.

Alikaa juu ya tairi kuukuu. "Nikifunga waya mzuri leo, halikohoi tena," alisema. "Nitasema Abdirizak atie petroli ya Malindi. Litapona. Hakuna atakayejua."

"Na Mama Hamdi?"

Alisugua mikono yake yenye grisi. "Watu husahau."

Nilitaka sana kumkemea. Nilikuwa na maneno tayari, yale ninayowapa watoto wanaoiba machungwa. Badala yake nikasema, "Chupa ilikuwa na maji. Niliisuuza nikakupa kabla haijakauka."

Aliinuka kwenye tairi. "Ulijua siku ile?"

"Nilijua."

"Ukaniacha niseme."

"Nilikuacha."

"Kumbe tuko wawili," alisema, na nakwambia kweli, uso wake ulipata nafuu. Nilimchukia kwa nafuu ile, kwa sababu na mimi niliipata.

Jumamosi aliliendesha gari mpaka barazani, ngozi ikiwa imekauka tena ngangari. Chifu alimpa nafasi azungumze kwanza kama mtaalamu. Nilidhani atasema. Akakohoa kidogo, akaanza na El Niño. Akaenda kwa unyevu wa delta, akapitia Japani, akaeleza hewa inayosukumwa na hewa inayovutwa, na tofauti ya mchanganyiko wa pwani na mchanganyiko wa bara. Watu walitikisa vichwa. Hawakuelewa neno, ila walijua kwamba maneno marefu yakisemwa barazani lazima mtu ana hatia, na aliyekuwa na hatia hakuonekana kuwa msemaji. Chifu alimshukuru kwa utaalamu wake, akamgeukia Madina, akaanza, "Basi, kwa ushahidi huu."

Nikasimama. Nikasema chupa ilikuwa yangu, na maji yalikuwa yangu, na petroli haikuwa na kosa. Mtu mmoja nyuma akasema mwalimu anamtetea mama wa mwanafunzi wake, wakacheka, na chifu akaniambia kwa upole nikae.

Ngumbao alibaki amesimama. Alinitazama mimi, akamtazama Madina, ambaye hakuwa akimtazama mtu. Kisha akaenda akafungua boneti, akachukua ndoo ya maji ya wapishi wa chai, akaimimina yote juu ya gunia, ambalo alikuwa amelirudisha juu ya ngozi. Akaomba tungoje. Ngozi kavu hailegei haraka, na tulingoja sana. Chifu aliangalia saa mara tatu, na katibu wake akalala. Ndipo Ngumbao akamwambia Abdirizak aingie akanyage. Gari likanguruma, likakwama, likakohoa, na moshi mweusi ukaifunika meza ya serikali.

"Ni mimi," alisema Ngumbao ndani ya moshi. "Nilifunga kwa ngozi, na ngozi inakunywa maji. Mafuta ya mama huyu ni safi. Nilimsingizia."

Abdirizak alishuka garini. "Umejua lini?"

"Alhamisi."

"Leo ni Jumamosi," alisema Abdirizak.

Chifu alijipangusa uso, akatangaza kwamba Mama Madina ataendelea na kazi yake na mambo yamekwisha. Watu wakaanza kuinuka.

"Hayajakwisha," alisema Madina. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuongea pale barazani. "Hapa wamesikia watu wazima. Watoto hawakuja baraza. Hamdi yangu anakaa peke yake darasani, mwalimu huyu anaona. Fundi, wewe ulisema mbele ya watu. Enda useme mbele ya watoto."

Jumatatu asubuhi alifika mlangoni pa darasa la tano. Alikuwa ameoga, amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya sandukuni, na bila ovaroli alionekana mdogo. Nilimpisha ubaoni. Akachukua chaki, akachora injini, turbo, mabomba, mishale ya hewa, mchoro mzuri kweli, na nikaanza kuogopa kwamba atajificha nyuma yake kama alivyojificha nyuma ya El Niño. Alieleza, akaeleza. Watoto arobaini na wawili walimwangalia.

Nuh, mtoto wa dawati la mbele asiye na adabu, alinyoosha mkono. "Fundi, kwa hivyo mama yake Hamdi hakutia maji?"

Ngumbao aliacha kuchora. "Hakutia."

"Na wewe siku ile ulikuwa unajua ni nini?"

Nilidhani atakohoa. Aliiweka chaki chini, akafuta vumbi kwenye suruali. "Nilikuwa sijui," alisema. "Nilisema tu, kwa sababu watu walikuwa wakiniangalia."

Nadhani hawakuwa wamewahi kumsikia mtu mzima akisema hivyo, na mimi mwalimu wao sikuwa nimewahi kuwaonyesha. Kwenye dawati la nyuma Bishara alikusanya madaftari yake, akapita katikati ya darasa bila kuomba ruhusa, akaenda akasimama kando ya dawati la Hamdi akiwa ameyakumbatia. Hamdi hakuinua kichwa. Alimaliza kwanza hesabu aliyokuwa akiiandika, akapiga mstari chini ya jibu, akalaza kalamu, ndipo akasogea.